Jiwe la Bwawa la Ubatizo

Columbus, Ohio
17 Julai 1961

Baba mdogo Arvil,

Dai langu ni hili, na nalitamka kabla ya salamu ili lisipotee katikati ya habari za maharage na mvua: jiwe bapa lililo katikati ya Bwawa la Ubatizo halipaswi kuinuliwa, kusogezwa wala kuguswa na mtaimbo wa mtu yeyote kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba iishe. Kanisa letu likilisogeza litakuwa limetenda kosa lisilo na utetezi katika Maandiko wala katika akili. Niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote.

Sasa nakusalimu. Shikamoo, na shikamoo kwa mama mdogo Ila. Mimi ni mzima. Mitihani ya Juni nimeifaulu yote, na profesa amenikubalia kuandika tasnifu yangu juu ya mto wetu. Mji huu una joto la tanuri. Nakula maharage ya kopo, na kila nikifungua kopo namkumbuka mama mdogo na mkate wake wa mahindi, jambo ambalo kopo halistahili.

Barua yake ya wiki iliyopita ilinipa furaha ambayo sikuweza kumweleza mwenzangu wa chumbani. Babu Coy amekubali kubatizwa! Miaka themanini na sita, wachungaji watano wamekata tamaa naye, na sasa ameitaja tarehe mwenyewe: Jumapili ya tarehe kumi Septemba. Lakini mama mdogo akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kwa kuwa babu hawezi tena kusimama, atabebwa na wanaume wanne juu ya kiti cha jikoni, na kwa kuwa jiwe lile limekaa njiani, wewe na mashemasi wenzako mtalivuta kwa mnyororo na nyumbu.

Baba mdogo, chini ya jiwe hilo anaishi mbwa wa maji. Nimemfuatilia kwa viangazi viwili. Nilimkata alama ndogo kwenye ncha ya mkia, na katika daftari langu anaitwa Kumi na Saba. Ni salamanda mrefu kama mkono wako kuanzia bega hadi kifundo. Hana vishada vya kupumulia shingoni kama alivyokuwa navyo utotoni, na mapafu yake karibu hayana kazi: anapumua kwa ngozi, kwa yale makunyanzi ya ubavuni ambayo watu wa kwetu huyatemea mate kwa kinyaa. Mwishoni mwa Agosti jike huja, hutaga mayai yaliyoungana kama shanga kwenye uzi, kisha dume humfukuza na kubaki mlinzi peke yake, zaidi ya miezi miwili, akiutikisa mwili wake ili maji yapite juu ya mayai. Pasipo jiwe kubwa lenye uvungu mmoja na mlango mmoja, hakuna kiota.

Katika nusu maili ya mto, mwaka juzi nilihesabu mawe ishirini na mawili ya namna hiyo. Juni hii nimekuta tisa. Unajua yalikokwenda. Yamo katika ukuta ambao kanisa letu hupanga kila wiki ya mwisho ya Agosti ili maji yafike kifuani. Mimi mwenyewe nilibeba mawe hayo nikiwa na miaka kumi na miwili, nikajiona mwanamume.

Nakuomba jibu la hoja, si la hasira.

Mwanao,
Wendell


Tolley Fork
31 Julai 1961

Mwanangu Wendell,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imefika ikiwa imechoka. Nilipokuwa namsomea mama yako mdogo ile barua, katikati akauliza, "Hajasalimu bado?" Nikamwambia, "Mvumilie, yuko njiani anakuja."

Sisi tupo. Tumbaku imesimama vizuri, tunaikata vichwa vya maua wiki hii. Mvua imekuwa ya adabu. Yule nyumbu Kate amevunja ua wa jirani na kula kabichi safu mbili, na jirani amesema nyumbu wa shemasi angepaswa kuokoka kwanza. Mama yako mdogo anatunga maharage kwenye uzi yakauke, baraza yote imejaa. Ningekupigia simu kutoka dukani, lakini unajua simu ile ni ya waya mmoja, ina masikio ya nyumba sita.

Babu yako yupo. Anakaa barazani.

Umeuliza, au hukuuliza lakini nitakueleza, ilikuwaje akakubali. Ilikuwa Mei, baada ya mvua. Wale salamanda wekundu wadogo wa msituni walikuwa wanavuka njia kuelekea bwawa la juu, kama wafanyavyo. Babu yako akamwokota mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama muda mrefu. Akasema, "Arvil, huyu amezaliwa majini. Akatoka, akavaa nyekundu, akazurura porini miaka yake kama mimi. Sasa ona, anarudi. Na akirudi anabadilika rangi." Mimi nikanyamaza, maana ukimjibu haraka huondoka. Akasema, "Mwambie mchungaji nitaingia. Lakini mtoni. Siingii kwenye beseni la mjini."

Miaka arobaini nimeliomba neno hilo, Wendell.

Sasa hao wanyama wako. Wanakula trauti na mayai ya trauti, kila mvuvi anajua. Mtu akimnasa mmoja kwenye ndoano hukata uzi, kwa sababu wana sumu. Wewe umenihesabia mawe ishirini na mawili. Mimi nimehesabu miaka themanini na sita. Kiti kinahitaji njia iliyonyooka na sakafu iliyo sawa. Jiwe litaondoka.

Mama yako mdogo anakutumia jamu ya matufaha. Usiihesabu, uile tu.

Baba yako mdogo,
Arvil Ledford


Columbus
9 Agosti 1961

Baba mdogo,

Shikamoo. Jamu imefika, na ninaandika nikiwa nimeshiba. Mwambie mama mdogo mwenzangu wa chumbani, ambaye baba yake ni daktari, amelamba kifuniko. Pole kwa kabichi za jirani.

Habari ya babu na yule salamanda mwekundu nimeisoma mara tatu. Ameeleza kwa sentensi nne kile ambacho kitabu changu kinaeleza kwa kurasa tisa: mtoto wa majini, kijana wa nchi kavu, mzee wa majini tena. Laiti angekuwa mwalimu wangu.

Nakuja kwenye hoja zako.

Umesema wanakula trauti. Mwaka jana niliwatapisha mbwa wa maji arobaini na mmoja, kwa upole, na kuandika kila kilichotoka. Kamba wa mtoni, kamba wa mtoni, na kamba wa mtoni. Samaki wadogo watatu. Trauti, hakuna. Umesema wana sumu. Wameniuma mara mbili, na bado nabishana nawe. Kitu kinachopunguza trauti ni tope linaloshuka kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti, na miteremko hiyo haikukatwa na salamanda.

Umesema kiti kinahitaji njia. Hapa naomba uniruhusu nikukumbushe fundisho letu wenyewe. Sisi Wabaptisti tunakiri kwamba maji hayaokoi. Ni alama ya kilichokwisha kutendeka moyoni. Mwizi msalabani hakulowa hata kidole, akaahidiwa paradiso siku ileile. Kama babu ameamini mwezi wa Mei, basi ameokoka tangu Mei, na siku ya alama inaweza kuwa Novemba, vifaranga wakishatoka kwenye mayai. Maji yatakuwa ya baridi, nakubali. Lakini watu wa bonde letu wamewahi kubatizwa kwa kuvunja barafu, nanyi mashemasi hujivunia hilo.

Naomba Novemba tu. Ni wiki chache.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 26, nikuonyeshe kwa macho.

Mwanao,
Wendell


Tolley Fork
20 Agosti 1961

Wendell,

Sisi wazima. Tumbaku tunaanza kukata kesho. Jirani wa juu amepata mtoto wa kike, jina bado wanagombana.

Novemba usiitaje tena ndani ya nyumba hii. Sitaandika sababu.

Mwizi msalabani hakuwa na mtoto wa kumbeba hadi mtoni. Babu yako anaye.

Njoo hiyo tarehe 26. Leta viatu vya kazi, si vya chuo.

Arvil


Columbus
30 Agosti 1961

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilifika salama Jumapili jioni, isipokuwa mgongo, maana basi lile limetengenezwa na adui wa mifupa. Mwambie mama mdogo kuku wake nilimmaliza kabla ya kuvuka mpaka wa Ohio. Nampongeza jirani kwa mtoto.

Sipendi tulivyoachana, kwa hiyo nitaandika yaliyotokea ili yasibadilike vinywani mwetu.

Jumamosi asubuhi tuliingia mtoni pamoja. Mimi nilinyanyua ukingo wa jiwe kwa mtaimbo, wewe ulishika lile sanduku lenye kioo chini yake, ukatazama. Kumi na Saba alikuwa amekaa mlangoni, kichwa nje, na nyuma yake mayai yapata mia tatu, ya manjano hafifu, yamezongana kama shanga za mwanamke mwenye haraka. Ulicheka. Ulisema, "Ana sura ya shemasi Lester akiamshwa katikati ya mahubiri." Kwa dakika ile nilidhani nimeshinda.

Kisha tukapanda barazani, ukasema, "Haya. Nimemwona wa kwako. Sasa ingia ndani ukamwone wa kwangu."

Niliingia. Baba mdogo, nimeona midomo yake ilivyo rangi ya zambarau. Nimesikia pumzi yake inavyokatika katikati ya jina langu. Aliniuliza kama huko Ohio kuna mito, na kabla sijamaliza kujibu alikuwa amelala. Nimeelewa sasa kwa nini Novemba haitajwi, na nakuomba radhi kwa kuitaja kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

Lakini huruma yangu haibadilishi dai langu. Kuna njia ya pili: kushuka upande wa chini, kuzunguka jiwe, na kuingia bwawani kutoka kusini. Ulisema sakafu ya huko inateleza kama sabuni na wanaume wanne na kiti wataanguka. Nilisema hatua ishirini za hatari si sababu ya kuangamiza uzao wa mwaka mzima. Ukaniambia nimesoma hadi nimesahau uzito wa mtu. Hapo ndipo nilipopaza sauti, na kupaza sauti kulikuwa kosa. Maneno hayakuwa kosa.

Jumapili, kabla ya basi, nilipita tena mtoni kuhakikisha hesabu. Profesa anaisubiri. Hakuna mtu aliyewahi kuandika hesabu ya kiota kutoka bonde letu, na sura nzima ya tasnifu yangu inasimama juu yake.

Nakuambia wazi ili usiseme nilikuvizia: jiwe likisogezwa, nitaandika katika gazeti la wilaya, na nitataja majina.

Mwanao anayekuheshimu,
Wendell


Columbus
22 Septemba 1961

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini nyote mu wazima, ingawa natumaini tu, kwa sababu wiki tatu hazijaniletea hata mstari. Tumbaku imeingia ghalani? Babu alibatizwa? Hata hilo nimelazimika kulisikia kwa mtu wa pembeni.

Mtu huyo ni binamu yangu Hollis, aliyepita hapa Jumanne akirudi kazini kwake Akron. Nilimpa kahawa. Nikamuuliza, "Ubatizo ulikwendaje?"

"Ulikwenda," akasema. "Mimi nilichelewa, nilikuta watu wanapanda."

"Na jiwe?"

Akakuna shingo. "Wendell, mimi ni mtu wa matairi. Lakini jiwe lina makovu meupe ya chuma ukingoni, mapya kabisa. Halijakaa kama lilivyokuwa tulipokuwa tukiogelea utotoni. Na wiki ya kwanza ya Septemba, nasikia, watoto waliokota mayai meupe yaliyooza kule chini kwenye changarawe. Wakarushiana."

"Nani aligusa?"

"Muulize baba yako mdogo. Mimi nikimuuliza ananiangalia tu."

Basi nakuuliza, na kwa kuwa najua nawe utaniangalia tu, sikungoja. Nakala ya barua yangu kwa mhariri nimeiambatanisha. Itatoka Alhamisi ya tarehe 28. Ndani yake nimesema kwamba kanisa la Tolley Fork, likiongozwa na shemasi Arvil Ledford, liliambiwa, likaonyeshwa, likaelewa, na bado likaliharibu kwa chuma kiota pekee kilichowahi kuhesabiwa katika wilaya yetu. Nimesema kwamba ujinga husamehewa, lakini ninyi hamkuwa wajinga, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha.

Sikufurahia kuandika jina langu la ukoo pande zote mbili za shtaka.

Kaa kimya ukipenda. Nimezoea.

Wendell


Tolley Fork
8 Oktoba 1961

Wendell mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu, mama yako mdogo Ila. Maneno ni ya baba yako mdogo, kakaa hapa mbele yangu. Mkono wake wa kulia umevunjika kifundoni, ndiyo sababu hukupata barua. Aliniambia nisikuandikie. Nilimtii hadi gazeti lilipokuja. Sasa anasema andika, kwa hiyo naandika.

Sisi tupo. Tumbaku watu wa kanisa walitusaidia kuiingiza. Asali ya mabua ya mtama tumepika Jumatano, mtungi wako upo. Mtoto wa jirani wamemwita Verna.

Babu yako alibatizwa tarehe kumi, saa nane mchana, jua likiwaka. Jiwe halikuguswa.

Tulimbeba kwa njia ya chini uliyoitaka. Mimi na Lester mbele, vijana wawili wa Lester nyuma. Sakafu ilikuwa sabuni kama nilivyokuambia. Hatua ya kumi na kitu mguu wangu ukaondoka. Nikaweka mkono chini ili kiti kisiende, na mkono ukasema nimechoka. Babu yako hakulowa mapema hata tone. Alipoona nimekunja uso akasema, "Arvil, anayebatizwa ni mimi, wewe unalilia nini?" Watu wote ukingoni wakacheka, mchungaji naye akacheka, na hivyo ndivyo alivyozamishwa, mdomo wazi. Akatoka anakohoa anasema maji ni mazuri.

Sasa nitakuambia kile ambacho sikutaka kukuambia.

Jumatatu baada ya wewe kuondoka nilishuka mtoni. Nilienda kupima jiwe kwa ajili ya mnyororo, sitakudanganya. Nikakuta limekaa upande. Ulipolirudisha Jumapili hukulirudisha lilivyokuwa. Upande wa juu ulibaki wazi kiasi cha ngumi mbili, na mto wote ulikuwa unapita humo ndani kama mlango uliosahauliwa. Mayai yako yalikuwa yametapakaa kwenye changarawe, mengine yamenasa kwenye mizizi. Makovu ya chuma ni ya mtaimbo wako, Wendell. Jumamosi mara moja nikiwepo, na nilivyoona alama, Jumapili si chini ya mara mbili. Mtaimbo mwingine haujaligusa jiwe hilo mwaka huu.

Nikatazama kwa lile sanduku lako. Yule mwenye sura ya Lester alikuwa ndani bado. Mkiani mwake yalibaki mayai kama thelathini, na alikuwa amejikunja juu yake anatikisika, maji yakimpiga. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Sikuthubutu kuinua. Nilijaza ule uwazi kwa mawe madogo, moja moja, kwa mkono, mpaka mto ukanyamaza humo ndani.

Ndipo nikapanda nikawaambia mashemasi tunapita chini. Lester akaniuliza sababu. Nikamwambia Kate anachechemea.

Sikukuandikia kwa kuwa ulikuwa na furaha na hesabu yako. Na gazeti sitalijibu. Mambo ya nyumba hii sijawahi kuyapeleka dukani, sitaanza sasa. Watu wamenisoma, wananisalimia kwa upole siku hizi, kama mtu aliyefiwa. Nitazoea.

Babu yako alisomewa. Akataka asomewe tena. Kisha akauliza, "Huyu Ledford aliyeandika ni wa kwetu?" Mama yako mdogo akasema ndiyo. Akageukia ukuta.

Maneno ya baba yako mdogo yameishia hapo, na mimi siongezi. Kula vizuri.

Ila


Columbus
14 Oktoba 1961

Baba mdogo,

Shikamoo. Shikamoo mama mdogo. Pole kwa mkono. Sijui kuandika pole iliyo kubwa kuliko neno lenyewe, kwa hiyo naiacha hapo.

Nilipomaliza barua yenu nilifanya kile ninachofanya nikishindwa: nilitafuta hoja. Nilijiambia kwamba makovu hayana jina. Kisha nikafungua daftari langu. Liko mbele yangu, limeandikwa kwa mwandiko wangu ninaojivunia: Jumapili tarehe 27, saa kumi na mbili na robo, jiwe limeinuliwa, mayai 287; saa moja kasoro dakika kumi, limeinuliwa tena, mayai 291; basi linaondoka saa mbili. Nililiinua mara mbili kwa ajili ya tofauti ya mayai manne. Nakumbuka nilivyoliachia mara ya pili, kwa haraka, nikiwaza tairi za basi. Nakumbuka pia kwamba Kumi na Saba hakuja mlangoni mara ile. Alikuwa amerudi nyuma kabisa, na mdomoni mwake palikuwa na kitu cha manjano. Nilikiona. Kwa wiki saba nimekataa kukiandika. Dume akisumbuliwa kupita kiasi hula mayai yake mwenyewe, baba mdogo. Nalijua hilo kutoka kitabuni, na kurasa zake nimewahi kuwasomea wengine kwa sauti.

Kwa hiyo nimemwandikia mhariri. Barua itatoka Alhamisi ya tarehe 19, kwa jina langu kamili. Imesema kwamba kiota cha Bwawa la Ubatizo kiliharibiwa na Wendell Ledford, mhitimu wa biolojia, kwa mtaimbo wake, siku ya Bwana; kwamba shemasi Arvil Ledford na kanisa hawakuligusa jiwe; na kwamba yaliyosalia ndani yake yalisalia kwa mkono wa shemasi huyo. Profesa nimemwambia jana. Akasema bado naweza kwenda mwezi huu kuhesabu waliobaki ili sura ile isife. Nimemkatalia. Katika jedwali langu safu ya Oktoba itabaki tupu, na chini yake nitaandika sababu.

Lakini usidhani nimelegea. Dai langu la Julai sijaliondoa hata nukta. Nimeondoa mshtakiwa mmoja na kuweka mwingine mahali pake. Mawe yaliyokuwa ishirini na mawili bado ni tisa, na hayakuhamishwa na mimi peke yangu. Agosti ijayo mitaimbo itashuka tena mtoni, kwa sababu wewe ulimwambia Lester kwamba nyumbu anachechemea. Hapo ulikosea, na nalisema nikijua mkono ulio bandejini ni wa nani. Ulilinda jiwe kwa siri, ukanilinda mimi kwa siri, na jambo linalolindwa kwa siri hufa na mlinzi wake. Watu wa Tolley Fork hawajui ulichokiona kwa kile kioo. Wanastahili kujua.

Nawe unasema hulijibu gazeti. Sawa, usilijibu. Gazeti husomwa na wageni. Lakini sahihisho langu pekee halitoshi: watasema kijana amemfichia baba yake mdogo aibu, na watazidi kukusalimia kwa upole. Babu naye atabaki ameugeukia ukuta.

Kikao cha kanisa ni Jumamosi ya tarehe 28, saa nne asubuhi. Nitakuja kwa basi la Ijumaa, bila mtaimbo na bila daftari. Nitakaa benchi la mwisho. Nakutaka usimame mbele, si kwa karatasi ambayo mama mdogo ataikunja na kuiweka katika Biblia, bali kwa sauti yako, na useme ulichokikuta Jumatatu ile, na umtaje aliyekifanya, kwa jina, nikiwa nasikia. Mchungaji akiniita nijibu, nitajibu. Kisha uwaulize swali ambalo mimi sina haki tena ya kuwauliza: ni nani anakubali kwamba kuanzia sasa hakuna mkono utakaoinua jiwe la bwawa lile kati ya Agosti na Novemba, wa shemasi wala wa msomi, na kwamba wa kwanza kukatazwa ni Wendell Ledford? Mikono ihesabiwe.

Sitaki barua nyingine kabla ya hapo. Nijibu Jumamosi, mbele ya watu.

Wendell